Usimsahihishe Kwanza: Mwongozo wa Kufuatilia Fikra za Mtoto Tangu Uchanga Hadi Ujana

Mimina maji kiasi sawa kwenye glasi mbili zinazofanana, mbele ya mtoto wa miaka 5. Muulize kama maji ni sawa. Atakubali. Sasa chukua glasi moja, hamishia maji yake yote kwenye glasi nyembamba na ndefu, umuulize tena. Kuna uwezekano mkubwa atakuonyesha ile ndefu na kusema, bila kusita, kwamba hiyo ndiyo yenye maji mengi. Umemimina akiona, hakuna tone lililoongezwa. Ukimuuliza sababu atakushangaa: "Si unaona yamefika huku juu?"

Wengi wetu hapa hukimbilia kufundisha. Subiri kidogo. Jibu hilo si la uzembe. Mtoto ametumia kanuni, tena kanuni inayofaa mara nyingi, maana maji yaliyopanda juu zaidi huwa ndiyo mengi. Ila bado hajaweza kushika mambo mawili kwa pamoja, kimo cha maji na upana wa glasi. Ukijua amekwama wapi, unajua pa kumsaidia, na makosa yake yatakuambia hilo kuliko majibu anayoyapata.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896. Alipokuwa kijana alipewa kazi mjini Paris ya kuwauliza watoto maswali ya kupima akili. Kazi yenyewe ilihitaji majibu sahihi yahesabiwe. Yeye akavutiwa na yale yasiyo sahihi, kwa kuwa watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Baadaye aliwafuatilia wanawe watatu tangu uchanga, akiandika walichofanya. Baadhi ya aliyoyasema yamerekebishwa na waliomfuata, lakini namna yake ya kuuliza bado inamfaa mzazi hadi leo.

Umri utakaoutaja mwongozo huu ni wa kukadiria. Mtoto mzima kabisa anaweza kutangulia au kuchelewa. Kinachotegemeka zaidi ni mfuatano: lipi hutangulia, lipi hufuata.

Hatua ya 1: Jizoeze kuuliza bila kufundisha

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Ukisahihisha papo hapo, mtoto anajifunza kwamba swali lako lilikuwa na jibu ulilolitaka, na kazi yake ni kulibahatisha kwa kukutazama usoni. Tangu hapo hupati tena anachowaza yeye.

Kwa hiyo uliza, kisha nyamaza mpaka ajibu. Akishajibu, awe amepata au amekosa, muulize kwa sauti ile ile: "Umejuaje?" Halafu mletee wazo la mtu mwingine uone kama atasimama: "Kuna mtoto aliniambia ni sawa kwa sababu hatukuongeza kitu. Wewe unaonaje?" Aliyekwisha kuelewa atatetea jibu lake na kutoa sababu. Ambaye hajafika atarudia lile la kwanza kana kwamba hukusema lolote. Wa katikati atayumba, mara huku mara kule, na huyo ndiye wa kumpa majaribio zaidi kwa sababu yuko karibu kuvuka.

Jihadhari na swali lile lile kuulizwa mara mbili. Mtoto mdogo akiulizwa tena huhisi jibu la kwanza halikukupendeza, akabadilisha ili mambo yaishe. (Jaribio la maji lenyewe lina dosari hiyo. Tutalirudia.) Wala usimuulize akiwa na njaa, ana usingizi au kuna wageni sebuleni.

Hatua ya 2: Kwa mtoto mchanga, tazama macho na mikono

Katika wiki za mwanzo mtoto huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, takribani pale uso wako unapokuwa ukimpakata. Akitoa sauti, mjibu. Akinyamaza, msubiri. Katika kupokezana huku ndipo anapoanza kugundua kwamba akifanya jambo, jambo hutokea. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe.

Akikaribia miezi 8, chukua kitu anachokipenda, kifunike kwa kitambaa akiona. Wa miezi 5 kwa kawaida huachana nacho, kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Wa miezi 8 au 9 atavuta kitambaa. Akishamudu, ongeza ugumu: kifiche mara kadhaa chini ya kitambaa cha kushoto, akipate, kisha kifiche cha kulia, akiona vilevile. Watoto wengi wa miezi 8 hadi 12 watakwenda kukitafuta kushoto. Wakati mwingine utaona macho yakitazama kulia huku mkono ukienda kushoto.

Piaget aliamini kwamba kabla ya umri huo, kisichoonekana hakipo akilini mwa mtoto. Hapo aliwapunja. Mwaka 1987 Renée Baillargeon aliwaonyesha wachanga ubao unaoinuka na kulala, akaweka kisanduku nyuma yake. Ubao ulipoonekana kupita mahali ambapo kisanduku kilipaswa kuuzuia, watoto wa miezi 4 na nusu, na hata baadhi ya wale wa miezi 3 na nusu, walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi. Inaelekea walijua kitu bado kipo. Kujua kunaweza kutangulia uwezo wa kupanga mkono ukakifuate.

Haya yana matumizi ya kila siku. Mtoto aliyekuwa akipakatwa na yeyote, ghafla analia ukitoka mlangoni. Hajadeka. Sasa anajua upo mahali fulani, ila hajui utarudi lini. Usitoroke kwa kunyata. Muage kwa maneno yale yale kila siku, kisha nenda kweli. Na yule anayedondosha kijiko kila unapomwokotea anafanya uchunguzi: je, kitaanguka tena? Na huyu mtu ataokota tena? Mpe vitu visivyovunjika, umwekee muda wa kuvitupa, kisha uviondoe.

Kuhusu skrini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekewe kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, tena ikipungua ndiyo vizuri zaidi.

Hatua ya 3: Mwaka 1 hadi karibu 3, kitu kinaposimama badala ya kingine

Mpake mtoto alama ya rangi puani bila yeye kujua, umweke mbele ya kioo. Wa mwaka 1 humchekea yule mtoto wa kwenye kioo. Kati ya miezi 18 na 24 wengi hugusa pua zao wenyewe. Katika kipindi hicho hicho maneno huanza kuunganishwa mawilimawili, na fimbo hugeuka farasi.

Usichukulie mchezo wa kuigiza kuwa ni wa kupoteza muda. Mtoto anayeweka kijiti sikioni na kusema "haloo" anajua ni kijiti, na papo hapo anakichukulia kuwa simu. Hesabu na kusoma vitasimama juu ya uwezo huohuo wa alama kuwakilisha jambo. Ingia mchezoni, pokea "simu", ongea, lakini mwachie yeye aongoze.

Hata hivyo uwezo huu bado ni mchanga. Judy DeLoache alitengeneza mfano mdogo wa chumba, akaficha mwanasesere mdogo humo watoto wakiona, kisha akawaambia mwanasesere mkubwa amefichwa mahali hapohapo katika chumba halisi. Wa miaka 3 walikwenda moja kwa moja. Wa miaka 2 na nusu walitafuta hovyo. Baadaye, mwaka 1997, yeye na wenzake waliwaambia watoto wa miaka 2 na nusu kwamba kuna mashine iliyokisinyaza chumba chenyewe kikawa kidogo. Wakaamini, na safari hii wakafaulu, maana hapakuwa tena na kitu kinachowakilisha kingine: chumba kilikuwa kilekile. Kwa mlezi, maana yake ni kwamba mtoto wa umri huu mfundishe kwa kitu chenyewe mkononi. Mchoro, ramani na mwanasesere wa kuonyeshea viungo vya mwili vinaweza kumpita.

Katika umri huu pia ndipo pa kuwa macho kiafya. Muone mtaalamu wa watoto ikiwa amefikisha miezi 12 habwabwaji, miezi 16 hana hata neno moja, au miaka 2 haungi maneno mawili ya kwake. Na katika umri wowote, mtoto akipoteza maneno au tabia za kuchangamana alizokuwa nazo tayari, usingoje. Omba masikio yapimwe mapema, kwani mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama mzito wa kuelewa.

Hatua ya 4: Miaka 3 hadi 6, kaa hapa zaidi

Huu ndio umri ambao watu wazima huukosea zaidi, kwa sababu mtoto anaongea kama mtu mzima na tunadhani anawaza kama mtu mzima.

Anza na boksi la kalamu za rangi. Toa kalamu, weka vijiko, lifunge. Muulize mtoto kuna nini ndani. "Kalamu." Fungua, mwonyeshe vijiko, funga tena. Sasa uliza: "Rafiki yako hajaona ndani. Akija, atadhani kuna nini?" Wa miaka 3 kwa kawaida atajibu "vijiko". Muulize yeye mwenyewe alidhani nini kabla ya kufungua, naye anaweza kukuapia kwamba alisema vijiko tangu mwanzo. Hadanganyi. Bado hajaweza kushikilia wazo kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli, hata akiwa mtu huyo ni yeye mwenyewe dakika moja iliyopita. Heinz Wimmer na Josef Perner waliufungua mlango wa utafiti huu mwaka 1983, na kwa watoto wengi mabadiliko hutokea karibu na miaka 4.

Ndiyo maana uongo unaoeleweka huanza umri huo. Ili akudanganye sawasawa, lazima ajue kwamba akilini mwako kunaweza kuingia kisichokuwapo. Uongo wa kwanza ulioshonwa vizuri unaudhi, lakini ni dalili kwamba akili imepiga hatua. Mwonye, ila usimwone ameharibika.

Jaribio la pili linahusu kushika kanuni. Chora karata chache: maua mekundu, maua ya bluu, magari mekundu, magari ya bluu. Mwambie azipange kwa rangi. Atapanga. Kisha badilisha: "Sasa tunapanga kwa umbo, magari huku, maua kule." Wengi wa miaka 3 wataendelea kupanga kwa rangi, na ukiuliza magari yanakwenda wapi watakuonyesha mahali sahihi kabisa! Wanaijua kanuni mpya lakini hawawezi kuiacha ya zamani. Mkumbuke mtoto huyo siku utakaposema "nimeshakwambia mara ngapi?" Kujua na kujizuia ni mambo mawili. Mpe agizo moja kwa wakati, mwambie la kufanya badala ya lisilofanywa ("tembea" badala ya "usikimbie"), na mtangulizie kabla ya kubadili shughuli.

Sasa turudi kwenye dosari ya swali la maji. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walitumia jaribio linalofanana, la safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi. Safu moja ikivutwa na mtu mzima ikawa ndefu zaidi, watoto wengi husema imekuwa na vitu vingi. Wao wakamtumia mwanasesere dubu mtundu "aliyevuruga" safu. Majibu sahihi yakaongezeka sana. Mtu mzima akibadilisha kitu kwa makusudi kisha akauliza, mtoto hudhani mabadiliko hayo ndiyo yanayoulizwa. Mwanasesere akivuruga, swali linakuwa la kweli. Lifanye nyumbani kwa sarafu au vizibo, kwa njia zote mbili, ujionee.

Hali ni hiyohiyo kwa madai kwamba mtoto wa umri huu hawezi kuona kwa macho ya mwingine. Piaget alitumia mfano wa milima mitatu na kumuuliza mtoto mwanasesere aliye upande wa pili anaona nini, na wadogo walichagua wanachokiona wao. Martin Hughes alipotumia mwanasesere polisi na mwanasesere mtoto wa kufichwa nyuma ya kuta, watoto wa miaka 3 na nusu hadi 5 walimficha mahali sahihi katika takribani asilimia 90 ya majibu. Wanaelewa vizuri kujificha, kwa sababu wanajificha kila siku. Ukitaka kupima anachoweza, uliza ndani ya jambo analolijua.

Utamsikia pia akijisemesha anapojenga au kuchora: "Hiki hapa… hapana, kikubwa… sasa hiki." Usimnyamazishe. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba maneno hayo ndiyo yanayomwongoza mtoto katika kazi, na baadaye huingia ndani yakawa kuwaza kimya. Yakiongezeka, ujue kazi ni ngumu kidogo. Yakikoma na vitu vikaanza kurushwa, imemzidi.

Hatua ya 5: Miaka 7 hadi 11, mpe vitu vya kupanga

Ukirudia maji sasa, huenda akakucheka. "Ni yaleyale, ukiyarudisha yatakuwa sawa." Ameweza kurudisha tendo nyuma kichwani, na hapo ndipo kutoa kunapoanza kuonekana kuwa ni kujumlisha kulikogeuzwa.

Jaribu swali hili pia. Weka vifungo 8 vyekundu na 3 vyeupe, vyote vya plastiki. "Vipi vingi, vyekundu au vya plastiki?" Mdogo atasema vyekundu, kwa sababu analinganisha vyekundu na vyeupe. Wa miaka 8 au 9 kwa kawaida atatulia, kisha atabasamu.

Kumbukumbu nayo hubadilika. Mdogo hutumaini tu kwamba atakumbuka. Mkubwa huanza kurudiarudia na kupanga vitu kwa makundi. Mfundishe mbinu hizo waziwazi, maana wengi hawazigundui wenyewe, na wanaozijua husahau kuzitumia.

Unapomsaidia kazi ya shule, tafuta mpaka wa anachoweza peke yake na anachoweza akishikwa mkono. Fanyia kazi eneo hilo la katikati, ambalo Vygotsky alilipa uzito mkubwa. Akikwama, anza na dokezo dogo: "Umeshajua nini hapa?" Asipoelewa, onyesha hatua moja. Asipoelewa bado, fanyeni pamoja. Akianza kupata, ondoa msaada kwa mfuatano huohuo kinyumenyume. Kosa la kawaida ni kubaki na msaada uleule hata baada ya mtoto kuweza.

Bado atahitaji vitu vya kushika. Sehemu za namba atazielewa kwa kukata karatasi kabla ya kuzielewa kwa alama.

Hatua ya 6: Miaka 11 na kuendelea, jadilianeni

Funga kizito kwenye uzi, kining'inize, kibembee. Muulize kijana nini kinachoamua kitabembea mara ngapi kwa dakika: urefu wa uzi, uzito, mahali pa kuachia, au nguvu ya kusukuma? Piaget na Bärbel Inhelder walipowapa watoto swali hili, wadogo walibadilisha mambo mawili matatu kwa pamoja, na matokeo hayakuwaambia kitu. Wakubwa walibadilisha moja, wakaacha mengine kama yalivyo. Jibu ni urefu wa uzi, lakini jibu silo muhimu. Tazama kama anapanga jaribio kabla ya kugusa. Si wote hufika hapo, na wanaofika hawafiki katika kila somo. Piaget mwenyewe mwaka 1972 alikubali kwamba mtu huenda akafikiri hivyo katika fani yake tu.

Kijana anayeweza kuwaza yasiyokuwapo ataanza pia kuuliza kwa nini nyumba yenu iko ilivyo, na sheria zako zitaingia mahakamani. Mpe sababu, na sheria isiyo na sababu ifute. Mkibishana, muulize, "Ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo?" Nawe uwe tayari kulijibu swali hilohilo.

David Elkind aliandika mwaka 1967 kuhusu vijana kujihisi wakitazamwa na watu wote muda wote. Chunusi moja kwake ni habari ya ulimwengu mzima. Kumwambia "hakuna anayekuangalia" hakusaidii. Na usimsahihishe mbele ya wenzake.

Jambo la mwisho ni hatari. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wenzao walipokuwapo. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Kwa hiyo kijana anayejibu vizuri ukiwa naye mezani anaweza kufanya kinyume usiku akiwa na rafiki wanne, na majibu yake ya mezani yalikuwa ya kweli. Mahubiri zaidi hayatasaidia. Pangeni mapema, wakati wa utulivu, nini atafanya akijikuta pabaya: neno moja la siri la kutuma kwa simu, ambalo ukilipata unamfuata alipo bila kuuliza kitu, na maswali yanangoja hadi asubuhi.